Mwanamke wa Mistari Minne

Asubuhi ile Sikudhani alipanda kilima na mimba yake ya miaka kumi na moja, mkeka kwapani, kifurushi cha nguo kichwani, akaja kupiga hodi kwa Mashavu. Mashavu alikuwa amekaa uani akipepeta mtama ambao hakuwa na hamu ya kuula. Kwa jinsi alivyozoea, mlango wake haukubishwa na watu. Ulibishwa na mambo.

"Karibu," alisema bila kuinua macho. "Kama ni msiba, pita. Kama ni moto, ningoje nimalize ungo huu."

"Ni mimi, Bi Mashavu. Sikudhani, mkewe Hoza, wa kule bondeni. Shikamoo."

Mashavu aliuweka ungo chini. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kusimama karibu naye kiasi kile, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Marahaba," alisema. "Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kukaa."

Mji ule haukuwa na jina. Wenyewe waliuita Hapa, na kwingine kote wakakuita Huko, na hayo yaliwatosha. Ulikuwa mji wa watu wema ambao hakuna lililowapata. Si kwamba walikuwa na bahati, bali ndivyo mji ulivyoumbwa: katika kila zama alikuwapo mtu mmoja, mmoja tu, ambaye mambo yote yalimwangukia yeye, na mtu huyo aliitwa Mhusika. Upepo ukivuma kwa hasira, paa lililoezuliwa lilikuwa la Mhusika. Mapenzi yakizuka, yalizuka kwake. Usaliti ukiingia mjini, uliulizia njia ya kwake. Wengine waliishi pembezoni mwa maisha hayo, wakitikisika kidogo kwa upepo uliokuwa ukienda kwa mwingine. Mwalimu alikuwa akifundisha darasa la tatu lile lile mwaka wa ishirini na tisa sasa, watoto wale wale, na hesabu za kugawanya hazijawaingia bado. Muuza maandazi alikuwa na kichekesho kimoja, na wateja walikicheka kila asubuhi kana kwamba hawajawahi kukisikia. Ukiwauliza hali walijibu, "Salama, hakuna jipya," na walisema kweli.

Mashavu alikuwa na miaka ishirini na minne siku Mhusika aliyemtangulia, mzee mmoja akiitwa Kitwana, alipokata roho. Alikuwa mtoni anafua. Alipoinua shuka kuikamua, alihisi mwanga wa jua unasogea, unamkalia yeye peke yake, kama mtu anayetazamwa na mkutano mzima asiouona. Mwezi haukuisha, mambo yakaanza. Na kila jambo lilikuja na funzo lake limefungwa ndani. Mumewe Mbaruku alianguka kutoka juu ya paa akiezeka upya. Mashavu akajifunza upweke. Kaka yake alimsingizia wizi. Mashavu akakaa gerezani miaka miwili, akajifunza kusamehe. Rafiki yake Tabu alikuja kumjulia hali siku moja tu, akarudi kwake ameshikwa mkono, haoni. Hapo Mashavu akajifunza hatia, na hilo lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Alikua. Kila mtu Hapa alisema hivyo, kwamba Mashavu amekua jamani, mtazameni alivyo na hekima siku hizi. Lakini hakuna aliyeuliza Mbaruku alijifunza nini pale katikati ya paa na ardhi, wala Tabu anajifunza nini gizani. Na Mashavu mwenyewe, tusimsingizie wema, hakuuliza.

Alichofanya ni kuhamia juu ya kilima, mbali na watu. Alishuka siku za kuteka maji tu. Kisimani walimpisha ateke wa kwanza, na mgeni angedhani ni heshima. Walimpisha ili aondoke upesi.

Sasa huyu hapa, amekwisha tandika mkeka wake kwenye kivuli cha nyumba, bila kusubiri jibu.

"Kukaa vipi?" Mashavu aliuliza.

"Kukaa. Kula, kulala, kufagia. Mpaka nijifungue."

"Mwanangu, wewe hujui watu waliokaa hapa wamepatwa na nini."

"Ninajua. Mji mzima unajua." Sikudhani alishusha kifurushi, akakaa polepole, akiegemea ukuta kwa kiganja. Uso wake ulikuwa wa mwanamke wa miaka ishirini na sita, kwa kuwa hakuzeeka. Ila mkono aliouweka tumboni aliuweka kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake aliyeenda kujisaidia asirudi. "Unakumbuka ulipokuwa ukimpelekea Tabu chakula? Ulipita mbele ya kibaraza chetu kila siku, asubuhi na jioni. Mimi na Hoza tulikuwa tumeoana siku nyingi, hata mbu hajatuuma. Wewe ukaanza kupita, na mimi nikashika mimba. Ikakua. Miezi minane nikawa nakuchungulia dirishani, nakuombea uzima. Halafu Tabu akakufungia mlango, ukahamia huku, na mtoto akasimama."

"Anacheza?"

"Kila asubuhi. Teke moja, upande wa kulia, lile lile. Si mtoto tena, Bi Mashavu. Ni saa ya ukutani."

Mashavu alitaka kucheka, lakini kicheko kilifika shingoni kikachoka. Kabla hajajibu, sauti ya mwanamume ilitoka chini ya njia. Alikuwa Hoza, mume wa Sikudhani, amesimama mbali kwenye ua wa minyaa, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kugusa chungu cha moto.

"Mke wangu!" aliita. "Turudi nyumbani. Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza tu." Hoza alihema. "Sikudhani, si tumezoea? Si tuko salama?"

"Wewe ndiye umezoea. Wewe huibebi."

"Na ukifa?"

"Nitakuwa nimekufa. Sasa hivi hata hilo siliwezi."

Hoza alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kuhitaji kuwa kitu kingine. Aliinama akang'oa jani la mnyaa, akalitazama, akabaki palepale, hapandi wala hashuki.

Mashavu alijifunga kanga ya pili kiunoni. "Kaa hapo kivulini," alimwambia Sikudhani. "Usiingie ndani bado. Naenda kuuliza nimepangiwa nini. Kama ni kibaya, nitakurudisha kwa mumeo mimi mwenyewe, hata kwa kukuburura."

"Unaenda kumuuliza nani?"

"Anayeandika."

Kila mtu Hapa alijua kwamba yuko mtu anayeandika, lakini aliyewahi kumwona ni Mhusika tu. Aliishi ng'ambo ya mashamba, katika ghala kuukuu la pamba, na barabara ya kwendea huko ilikuwa na tabia ya kurefuka kwa mtu aliyebeba swali. Mashavu aliitembea akipishana na siku zake mwenyewe. Alipishana na Mashavu wa miaka thelathini, ametoka gerezani, anakimbilia kumsamehe kaka yake huku machozi yanamtoka kwa uzuri wa jambo lenyewe. Hawakusalimiana, mmoja alikuwa na haraka na mwingine amechoka. Mbele kidogo alipishana na Mashavu mjane, mweupe wa vumbi, ambaye alimtazama kwa matumaini kama anayetaka kuambiwa kwamba mbele kuna kitu. Mashavu hakumwambia lolote. Angemwambia nini? Kwamba mbele kuna kukua? Mti hukua ukafika mahali ukatosha, ukabaki kuwa mti. Mtoto hukua akatosha. Ni Mhusika peke yake anayetakiwa kukua pasipo kutosha, kila jeraha lifungue mlango, kila mlango utokee kwenye jeraha jingine, na mwisho wa yote awe amekuwa nani? Yule aliyekuwa tangu mwanzo, isipokuwa sasa anajua gharama za wengine. Miguu yake ilikuwa mizito. Si umri, aliwaona wazee wa miaka themanini wakitembea kwa wepesi. Ulikuwa ule uzito wa mtu ambaye hata akipiga chafya lazima iwe na maana.

Mwandishi alikuwa juu ya magunia, daftari pajani, kikombe cha tangawizi kando. Tumbo lilimsumbua siku zote.

"Nilikuwa nakungoja," alisema.

"Ndiyo kazi yako, Mzee. Kuna mwanamke kwangu. Umempangia nini?"

"Yeye sijampangia kitu. Nimekupangia wewe." Alilamba kidole, akafunua. "'Siku hiyo Mashavu alijifunza kwamba...' Hapo nimeacha nafasi."

"Ya nini?"

"Ya atakayekufa. Mama au mtoto, sijaamua. Mtoto atakuliza zaidi. Lakini mama ataacha mume nyuma, na mume akija kukulaumu tutapata sura nyingine nzuri."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mshonaji anayechagua kati ya vitambaa viwili. Mashavu alijiketisha kwenye gunia. Vumbi la pamba lilipanda, likamzunguka, likashuka.

"Nina miaka hamsini na mitatu," alisema. "Ni nini kilichobaki ambacho sijajifunza?"

"Mhusika lazima akue."

"Nimekua mpaka nimechakaa."

"Hata kuchakaa ni kukua, kukiandikwa vizuri."

"Na yeye? Sikudhani? Umemwandika?"

Mwandishi alirudi ukurasa mmoja nyuma. "Ana mistari minne. Sikiliza. 'Jirani mmoja mjamzito alifika. Alikuwa na mkeka. Uso wake ulikuwa wa huzuni. Aliketi kivulini.'"

"Basi?"

"Basi."

"Jina lake halimo."

"Halikuhitajika."

"Na uso wake si wa huzuni," Mashavu alisema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza siku ile. "Yule ana hasira. Ana hasira ya miaka kumi na moja. Hukumtazama!"

Mwandishi aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala vyema.

"Mimi simtazami mtu, Mashavu. Natazama kupitia kwako. Usichokiona wewe, mimi nitakitoa wapi? Alipobisha hodi asubuhi, wewe uliona nini?"

Mashavu alikuwa ameona jambo linamjia. Hakuona mwanamke aliyepanda kilima. Aliona msiba wake mwenyewe unaofuata, umevaa kanga. Ile mistari minne ilitoka kwake yeye.

"Kwa hiyo Mbaruku..." alianza.

"Mbaruku uliniletea akianguka. Nikaandika anaanguka. Hukuwahi kuniambia alikuwa anatazama wapi."

Nje njiwa walikuwa wakitembea juu ya mabati, na kucha zao zilisikika moja moja. Mashavu alijaribu kukumbuka mumewe alitazama wapi. Alikumbuka mikono yake mwenyewe imeshika kichwa. Alikumbuka kilio chake mwenyewe, jinsi kilivyokuwa kirefu. Ya Mbaruku hayakuwapo.

"Na nikiacha kujitazama?" aliuliza.

"Wote huuliza hilo. Kitwana aliuliza mara mbili. Hakuna aliyeweza. Mtu atalalamika kiti kinamchoma, lakini mwambie ainuke uone."

"Nakuuliza, nikiinuka?"

"Sitakuona tena." Mwandishi alikunywa tangawizi, akakunja uso. "Utaumwa, na hakuna atakayejua. Utakuwa na siku ya furaha, itapita bila shahidi. Utakufa katikati ya sentensi ya mtu mwingine, pengine baada ya mkato. Na kila ulichojifunza utabaki nacho kifuani, kama mtu aliyesoma kitabu cha lugha isiyosemwa na yeyote."

"Na mambo? Yatamwendea nani?"

"Atakayetazamwa."

"Yatamuumiza."

"Yatampata. Kuumia ni sehemu ya kupatwa. Kuzaa pia."

Mashavu alisimama, akajipangusa pamba. Mlangoni aligeuka. "Mzee, ni nani anayesoma haya yote?"

"Sijui. Naweka daftari kizingitini, nikiamka halipo." Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Nimekuwa nikitumaini ni mtu, si mchwa."

"Umechoka?"

"Wewe jambo linakuuma mara moja. Mimi naliandika mara tatu, ndipo likae sawa."

Barabara ya kurudi ilikuwa fupi. Alipofika mwanzo wa kilima alimkuta mkunga, Bi Nyange, amekaa kwenye jiwe na mkoba wake wa kazi, karibu na Hoza.

"Ameanza," alisema Bi Nyange. "Nimesikia kutoka bondeni. Lakini mimi huko juu sipandi, Mashavu. Nisamehe. Nina wajukuu."

"Nipe mkoba."

Bi Nyange aliutupa badala ya kumpa mkononi, na Mashavu akaudaka.

Sikudhani alikuwa ameingia ndani mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika mguu wa kitanda, na chini yake palikuwa pamelowa. "Chupa imepasuka," alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa barua yenye jina lake. "Bi Mashavu, imepasuka yenyewe. Ilikuwa hapa halafu ikapasuka."

Mashavu aliwasha jiko, akateleka maji, akanawa mpaka viwikoni. Halafu alipiga magoti mbele yake.

"Nisikilize kabla uchungu haujakaza tena. Nimetoka kuuliza. Mambo yakibaki kwangu, leo mmoja wenu atakufa ili mimi nijifunze kitu. Ipo njia nyingine, ila sijui kama nitaiweza. Ni kwamba yawe yako. Lakini yakiwa yako, yatakuwa yako yote, si ya leo tu. Mtoto huyu akiugua, atakuugulia wewe. Hoza akiondoka, atakuwa amekuacha wewe. Hutakuwa salama tena maisha yako yote."

Sikudhani alimkazia macho. Jasho lilimtoka puani.

"Miaka kumi na moja nimepita mbele ya maisha ya mtu mwingine nikisema salama," alisema. "Yalete."

Mashavu alimlaza kitandani, uchungu ukaja, ukaja tena, na jua lilipoanza kuegemea upande wa alasiri Mashavu alipapasa akakuta kilichotangulia si kichwa. Ulikuwa unyayo. Unyayo mdogo, wa baridi, wenye vidole vilivyopangika vizuri. Na papo hapo alihisi ule mwanga unamkusanyikia. Aliujua. Ulikuja na joto lake, ulikuja na maneno yake: siku hiyo Mashavu alijifunza kwamba... Kifua kilimjaa. Huruma ilimpanda, tamu kama uji wa mgonjwa, na haikuwa huruma kwa Sikudhani wala kwa mtoto. Ilikuwa huruma kwa Mashavu, mwanamke aliyeteseka sana, aliyepiga magoti katika chumba chenye mwanga mzuri, akiwa ameshika mguu wa mtoto atakayekufa mikononi mwake. Picha ilikuwa nzuri mno. Ilimwita. Alijua jinsi atakavyolia. Alijua hata atakavyotembea kesho yake, polepole, na watu watakavyompisha. Na alikuwa amechoka sana, na hakuna kitu chepesi kwa mtu aliyechoka kama kufuata njia anayoijua.

Alitazama kando. Alitazama goti la Sikudhani. Lilikuwa na kovu jeupe la umbo la punje ya mahindi.

"Hili kovu la nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Kovu. Hapa. Ulipata wapi?"

"Mama yangu..." Sikudhani alihema. "Nilikuwa mdogo. Zama za Kitwana, alikuwa jirani yetu... mama anasonga ugali, nikaja mbio..."

"Mama yako alikuwa nani? Sema. Mimi nageuza mtoto, wewe sema. Usiniangalie mimi."

"Akiitwa Mwajabu. Alikuwa anaimba vibaya. Anaimba vibaya na anajua... ah! Ah, mama!"

"Sema. Unaona nini?"

"Naona... dirisha. Naona nzi kwenye dirisha. Anataka kutoka. Nimechoka, nimechoka, nimechoka. Mgongo wangu. Sikuwahi kujua nina mgongo. Hoza anakula akiwa amefumba macho, nimemwona kila siku, sikuwahi kumwambia nampenda akila hivyo. Sikuwahi kumwambia mtu kitu. Niliolewa siku ya upepo. Nilitaka kuitwa jina jingine. Nilitaka kwenda Huko. Kuna kitu kinageuka. Kinageuka ndani yangu, si teke, si lile teke, ni kitu kingine! Ni nani huyu? Ni nani..."

Na mwanga ukasogea.

Sikudhani aliuona ukitoka begani kwa mwanamke aliyekuwa amepiga magoti mbele yake, ukatambaa juu ya sakafu, ukampanda miguuni. Ulikuwa na uzito. Hakuna aliyemwambia kwamba ungekuwa na uzito. Kila kitu kilichoguswa nao kilikuwa kama kimeumbwa sasa hivi: nzi dirishani, harufu ya mkaa, doa la kutu kwenye beseni. Maumivu yalikuja na sasa yalikuwa na jina lake. Alisukuma. Alidhani anapasuka, akafikiri, basi na nipasuke, nimekuwa mzima muda wa kutosha. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa inafanya kazi, imara, haina haraka, inageuza, inavuta kidogo, inangoja. Sikudhani alisikia sauti kubwa na hakujua kama ni yake. Kisha kitu chote kilichokuwa kimesimama miaka kumi na moja kilitoka kwa mkupuo mmoja, cha moto, chenye utelezi, na chumba kikawa kimya.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Alihesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Alijua kwamba hata hili linaweza kumpata sasa, kwamba hakuna mtu mwingine wa kupatwa badala yake. Tatu. Yule mwanamke alimlaza mtoto kifudifudi juu ya kiganja, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akampuliza puani. Nne. Tano.

Mtoto alipiga chafya. Halafu akalia, kilio kibovu, cha kukwaruza, kisicho na sauti nzuri hata kidogo.

"Wa kike," alisema mwanamke, akamweka kifuani pake.

Sikudhani alimtazama mtoto, na kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa woga. Woga ulioingia mpaka kwenye kucha. Vile vidole vingeweza kuungua. Ile shingo ingeweza kuvunjika. Siku moja mtoto huyu angesimama mlangoni akasema anakwenda zake. Machozi yalimtoka, na hakujua yanalilia lipi katika hayo yote ambayo hayajatokea. Akamkumbatia zaidi.

Nje ilisikika sauti ya mtu anayepanda kilima mbio, kisha kishindo, kisha mtu akisema, "Lo!" Hoza alitokea mlangoni. Suruali ilikuwa imechanika gotini na damu ilikuwa inamtiririka. Aliigusa, akakitazama kidole chake.

"Nimeanguka," alisema. Alisema kama mtu anayetangaza ugeni mkubwa. "Sikudhani, nimejikwaa nikaanguka. Inauma."

"Njoo umwone mwanao."

Alisimama kizingitini. Sikudhani alimwona akipima: ule uwanja mdogo wa sakafu kati yake na kitanda, na yote yanayoweza kumpata mtu akiuvuka. Alimwona anataka kurudi bondeni. Hakumlaumu, na hakumwita mara ya pili. Hoza alivua viatu, akavuka akichechemea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha kile kidole chenye damu, akakirudisha, akanyoosha kingine. Mtoto akakishika.

"Ana nguvu," alisema Hoza.

Baadaye, mume alipotoka kwenda kumwita mkunga kwa sauti ya kupasua milima, Sikudhani alikumbuka kwamba hajashukuru. Yule mwanamke alikuwa amemaliza kila kitu: amekata kitovu, amekanda tumbo, amefua shuka na kuzianika uani. Sasa alikuwa amekaa chini, ameegemea mwimo wa mlango, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Bi Mashavu," Sikudhani aliita kwa sauti ya chini.

Hakujibu. Alikuwa amelala. Kichwa kimemwangukia begani, kinywa wazi, mikono mapajani ikiwa imekunjamana kwa maji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye mvi kiasi na kanga iliyofifia. Labda alikuwa anaota. Labda alijua sasa mumewe alitazama wapi siku ile, au labda hakujua na hakumsumbua tena. Uso wake haukusema. Sikudhani aliutazama kwa muda mrefu, akitafuta, akaona ni uso tu, wa mtu aliyelala mchana baada ya kazi.

Alitaka kumuuliza mambo mengi. Alitaka kuuliza huwa inaanzaje, na kama kuna namna ya kujiandaa, na mtoto apewe jina gani ili apone. Akaona amwache. Alivuta kanga moja kutoka kwenye kifurushi chake, akamrushia miguuni, ikatua nusu sakafuni nusu magotini.

Kisha mtoto alianza kulia tena, kwa njaa, na Sikudhani akajiinua kwa kiwiko, kwa maana hakukuwa na mwingine wa kuinuka.